Barua ya wazi kwa mabosi wa matangazo: usikilizeni wimbo mpaka mwisho kabla hamjautia kwenye tivii

Kwa mabosi wa kampuni za matangazo, nyie wa Nairobi na Dar es Salaam na wakubwa wenu walioko London na New York, pamoja na kampuni zote zinazoshikilia haki za nyimbo za zamani,

Salamu nyingi na poleni na kazi.

Naanza moja kwa moja na ile ya Johnny Cash, yule mwimbaji wa Marekani, maana wengine hawaamini mpaka waambiwe mara mbili. Mwaka 2004, Cash hajamaliza hata muda mrefu kaburini, mkewe June Carter alitangulia Mei 2003 na yeye akamfuata Septemba mwaka huohuo, wakajitokeza watu huko Marekani wanautaka wimbo wa Ring of Fire wautumie kutangazia dawa ya bawasiri. Bawasiri jamani! Wimbo alioutunga June Carter na mwenzake Merle Kilgore, Cash akaurekodi 1963, unamzungumzia mtu aliyetumbukia kwenye mapenzi yanamzunguka na kumuunguza na hana pa kutokea, halafu kuna mtu amekaa ofisini kwake akaona duara, akaona moto, akasema hapahapa, dawa itauzika. Na kinachoshangaza zaidi Kilgore mwenyewe aliipenda hiyo habari, aliona inachekesha, ikabidi Rosanne Cash, binti wa marehemu, aseme kwa niaba ya familia kwamba hapana, hawaruhusu. Ikaishia hapo.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini kicheko kikishapoa unabaki unajiuliza, hivi aliyepata hilo wazo aliusikiliza ule wimbo au alisoma jina tu juu ya kasha?

Mimi ni mtu wa Mombasa, nimelelewa na redio. Idhaa ya Kiingereza ya KBC ilikuwa na kipindi cha jioni, Sundowner, na nyumbani kwetu Jim Reeves na Kenny Rogers ilikuwa kama majirani wa ploti moja, na kwenye harusi na kwenye matatu zinapigwa zilipendwa za Kiswahili, kwa hiyo nyimbo za zamani ni kitu nakipenda kweli na siandiki hapa kutafuta ugomvi. Ombi langu ni moja. Kabla hamjaununua wimbo wa mtu usikilizeni mpaka mwisho, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, siyo kiitikio peke yake, kisha mtafuteni aliyeutunga mumwambie mnataka kuuzia nini. Basi. Yote yanayofuata ni kuwaonyesha kwa nini.

Chukueni Iggy Pop, mwanamuziki wa rock wa Marekani. 1977 katoa Lust for Life, muziki ameutunga David Bowie, ngoma inaanza na ile drums ambayo hata marehemu angeamka. Miaka ya 2000 mwanzoni kampuni ya Royal Caribbean ikautia kwenye matangazo ya meli za kitalii, yaani baba na mama na watoto wanateleza kwenye maji, wanacheka, wanakula vizuri, jua linawaka. Sasa nenda kasikilize huo wimbo wenyewe unasema nini. Unaongelea pombe, madawa ya kulevya na dansi za kuvua nguo, ni mtu aliyechoka na maisha ya kujichoma anajaribu kuyaacha, na ndiyo huohuo uliofungua ile filamu ya Trainspotting ya 1996 ya vijana wa Edinburgh wanaojidunga heroini. Huo ndio wimbo wa kuipeleka familia likizo! Walichochukua ni yale maneno matatu ya jina la wimbo, raha ya maisha, mengine yote wakayaacha bandarini. Na wanaonunua tiketi za ile meli wengi ni watu wa umri uleule walioupenda ule wimbo wakiwa vijana, wanajua kila neno, kwa hiyo mnadhani mmewachezea kumbe wao ndio wanawacheka sebuleni.

Au zile zabibu kavu za California mwaka 1986. Zimetengenezwa kwa udongo, zina mikono na miguu, zimevaa miwani ya jua na zinacheza kwa mpangilio kama kundi la waimbaji wa Motown, huku unaimbwa I Heard It Through the Grapevine (grapevine ni mzabibu, ndiyo wakauona unawafaa), wimbo wa mwanamume anayelia kwa sababu amesikia kwa watu, siyo kwa mpenzi wake mwenyewe, kwamba anaachwa. Ule ni wimbo wa maumivu. Marvin Gaye alipouimba unamsikia kabisa pumzi zinamkatika, halafu zabibu zinatingisha kiuno. Hili nalikubali kwa nusu kwa sababu zile zabibu zilikuwa na ufundi mkubwa na watoto walizipenda sana, ila kila nikiliona namuonea huruma yule jamaa wa kwenye wimbo.

Na Microsoft walipotoa Windows 95, Agosti 1995, wakachukua Start Me Up ya Rolling Stones ya mwaka 1981 kwa sababu programu yao ilikuwa na kitufe kipya cha kuanzia. Vizuri. Ila wimbo huohuo una sehemu Mick Jagger anarudiarudia kwamba huyo mwanamke anamliza mwanamume mzima, na hiyo sehemu haikufika kwenye tangazo. Waliowahi kuitumia Windows 95 mpaka mashine ikaganda na kazi haijahifadhiwa watakubaliana nami kuwa ile ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote.

Hayo ni ya kuchekesha. Kuna mengine hayachekeshi sana.

Fortunate Son, wimbo wa kundi la Marekani Creedence Clearwater Revival, mwaka 1969, mwimbaji wao John Fogerty ameuandika kwa hasira. Vita vya Vietnam vimepamba moto, watoto wa maskini wanaitwa jeshini, watoto wa maseneta na matajiri wanapata njia ya kukwepa, na yeye anaimba kwamba mimi siyo mmoja wa hao wenye bahati. Mistari ya mwanzo inataja watu waliozaliwa kupeperusha bendera ya Marekani, na mara tu baada ya hapo inakugeukia na kukuambia hao wapeperusha bendera ndio wanaokuelekezea mzinga. Sasa kampuni ya jinzi ya Wrangler miaka ya 2000 mwanzoni ikachukua ile mistari ya bendera, ikakata palepale kabla haijageuka, ikawa tangazo la uzalendo na suruali. Yaani wimbo umekatwa shingo katikati ya sentensi! Fogerty alilalamika hadharani lakini hakuwa na la kufanya, kwa sababu tangu akiwa kijana alisaini mkataba ulioipa kampuni ya Fantasy haki za nyimbo zake. Ni Januari 2023 tu ndipo alipozipata tena nyimbo hizo, mzee wa miaka 77. Hebu fikirini, mtu amebeba wimbo wake moyoni zaidi ya miaka 50 na muda wote huo mtu mwingine ndiye anayesema uende kuuza nini.

Hapa nataka wasomaji wenzangu nao waelewe, maana nyie mabosi mnajua vizuri sana. Wimbo una haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna haki ya ile rekodi yenyewe iliyofanywa studio. Ukitaka kuutia kwenye tangazo unahitaji zote mbili, na mara nyingi hakuna hata moja iliyo mkononi mwa msanii. Ndiyo maana Nike mwaka 1987 waliweza kuitumia Revolution ya Beatles kuuzia viatu vya Air Max. John Lennon aliyeuandika alishauawa 1980. Utunzi ulikuwa mali ya kampuni ya ATV, na ATV ilinunuliwa na nani? Michael Jackson, mwaka 1985, dola milioni 47.5. Rekodi ilikuwa ya kampuni za Capitol na EMI. Nike wakalipa dola 500,000 kwa mwaka, pesa ikagawanywa kwa hao wawili, na Beatles waliokuwa hai wakauona wimbo wao kwenye tivii kama mimi na wewe. Kampuni yao ya muziki ya Apple ikafungua kesi ya dola milioni 15 mwezi Julai mwaka huohuo, ikaisha kwa makubaliano mwaka 1989. Kisheria Nike walikuwa na karatasi zote, na hilo ndilo linaloniuma. Wimbo ule Lennon aliuandika 1968 akiwaza vijana wanaotaka kupindua dunia na akiwa anajibishana na nafsi yake kama awaunge mkono au la, ni wimbo wa mtu mwenye mashaka, ukaishia kwenye soli ya kiatu.

Kwa upande mwingine wapo waliogoma. Kundi la The Doors mwaka 1968 kampuni ya magari ya Buick iliwataka na Light My Fire kwa dola 75,000, mwimbaji wao Jim Morrison hayupo, wenzake watatu wakakubali, aliporudi akawaka, akasema tangazo likitoka atakwenda kuliponda gari la Buick kwa nyundo jukwaani mbele ya watu. Tangazo halikutoka. Miaka mingi baadaye, Morrison kashakufa tangu 1971, Cadillac wakaja na dola milioni 15 na mpiga ngoma wao John Densmore peke yake akasema hapana, akimkumbuka mwenzake. Milioni 15! Na Bruce Springsteen inasimuliwa alikataa milioni 12 za Chrysler waliotaka Born in the U.S.A., wimbo mwingine ambao watu wanaukamata kiitikio na kuukimbia ubeti, maana beti zake ni za askari aliyerudi kutoka Vietnam hana kazi. Chrysler wakaenda kutengenezewa wimbo wao wa kusifu kuzaliwa Marekani, ukaimbwa na Kenny Rogers. Mimi na mapenzi yangu yote kwa Kenny Rogers nasema hapo Springsteen alikuwa sahihi, na Chrysler pia mwishowe walifanya sawa: umekataliwa, katunge wako.

Ila si wote wanaokataliwa hufanya hivyo. Wengine humtafuta mtu wa kuiga sauti. Hii tabia ndiyo iliyowafikisha Ford mahakamani. Ilikuwa katikati ya miaka ya 80, shirika lao la matangazo Young & Rubicam lilimtaka mwimbaji Bette Midler aimbe Do You Want to Dance kwa ajili ya gari lao la Mercury Sable, meneja wake akasema hatutaki. Wakamwendea mwanamke aliyewahi kuwa muitikiaji wake, wakamwambia aimbe afanane naye kadiri awezavyo, na akafanana kweli mpaka watu wakampigia Midler simu. Mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 1988 ikasema sauti ya mtu maarufu ni sehemu ya nafsi yake, huwezi kuiiba kwa kumwajiri mwigaji, na baadaye baraza la mahakama likampa dola 400,000.

Mngedhani somo limeingia. Mwaka huohuo wa 1988 Frito-Lay wanatangaza chipsi za Doritos za ladha mpya, wakamwiga mwimbaji Tom Waits, na wimbo waliouchukua kama mfano ni Step Right Up. Sasa nyie mnaoujua huo wimbo mshaanza kucheka. Step Right Up ni wimbo wa kuwakejeli wauzaji na matangazo yao! Waits mule ndani anabwabwaja kama mnadi wa barabarani, bidhaa inafanya kila kitu, inakukatia nyasi, inakutafutia kazi, mradi ulipe. Na Waits alikuwa anasema kwenye mahojiano miaka na miaka kwamba hafanyi matangazo. Yaani kati ya wanamuziki wote duniani walimchagua asiyetaka matangazo, na kati ya nyimbo zake zote walichagua ule unaowasema wao. Aliyeajiriwa kumwiga alikuwa shabiki wake wa kweli, anajua kabisa msimamo wa Waits, na aliwaonya kwamba huyu mtu hakubali haya mambo. Wakaendelea. Ikawagharimu kama dola milioni mbili na nusu, na rufaa wakashindwa mwaka 1992. Hili ningelipenda lisomwe kila asubuhi kwenye kila ofisi ya matangazo kabla ya chai.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi nyimbo za zamani zisionekane kwenye matangazo kabisa. Hapana. Mwaka 1999 Volkswagen walitoa tangazo la gari la Cabrio, vijana wanne wanaendesha usiku paa limefunguliwa, mwezi, nyota, barabara ya kijijini, hakuna mtu anayeongea, hakuna sauti ya kutaja bei, wimbo wa Nick Drake unaitwa Pink Moon unacheza, wanafika kwenye pati wanayoiendea, wanatazamana, wanarudisha gari nyuma na kuendelea na safari. Mwisho. Nick Drake alifariki 1974 akiwa na miaka 26, albamu yake ile ya 1972 haikuwa imenunuliwa na watu wengi, na baada ya tangazo moja iliuza kwa mwaka zaidi ya ilivyouza miaka yote iliyotangulia. Kwa nini hili halikuudhi watu kama yale mengine? Kwa sababu waliotengeneza waliusikiliza wimbo. Ule wimbo ni wa usiku na ukimya, na wao wakapiga picha ya usiku na ukimya, wakanyamaza ukasikika. Familia ya marehemu ilishirikishwa. Kuna watu walinunua albamu ambao hawakununua gari, na sioni ubaya wake.

Uingereza nako, Levi's walikuwa na mkono mzuri. Lile tangazo la 1985 la kijana anayevua jinzi kwenye duka la kufulia mbele ya watu lilimrudisha Marvin Gaye kwenye chati, mwaka 1987 Stand by Me ya Ben E. King ikashika namba moja, wimbo wa 1961, na kwa wiki hizohizo Percy Sledge yuko nyuma yake namba mbili na wimbo wa 1966, vyote viwili kwa nguvu ya matangazo ya suruali. Wazee wakalipwa, wakaitwa tena kwenye maonyesho. Hilo ni jema, na nalisema kwa moyo mmoja.

Halafu mnaweza pia kutunga wenyewe, siyo lazima kila mara kwenda kuchimba makaburi. Januari 1971 Bill Backer, mtu wenu wa matangazo kabisa, ndege yake ya kwenda London ilizuiwa na ukungu ikatua Shannon, Ireland, abiria wamelala vibaya, wamekasirika, asubuhi akawaona wanacheka pamoja huku wameshika chupa za Coca-Cola, akaandika wazo lake kwenye karatasi ya tishu. Wakatunga wimbo, wakapiga picha vijana wa mataifa mbalimbali kwenye kilima Italia, na watu wakaupenda wimbo wa tangazo mpaka wakaanza kuuomba redioni, ukarekodiwa upya bila kutaja soda, na New Seekers wakafika nao namba moja Uingereza mwanzoni mwa 1972. Hapo tangazo ndilo lililozaa wimbo, na halikumdhulumu mtu yeyote.

Coca-Cola haohao lakini mwaka 2010, na hapa nakuja kwetu. Wavin' Flag ya K'naan, mtoto wa Mogadishu. Nani hapa Afrika Mashariki hakuuimba ule mwaka wa Kombe la Dunia? Watoto wa nursery waliuimba. Wimbo wa kwanza, ule wa kwenye albamu ya 2009, una vita, una umaskini, una watu wanaohangaika wanaahidiwa ukombozi wanangoja. Kwa ajili ya kombe ukatengenezewa toleo jingine, yale maneno yakatoka yakaingia ya shangwe na mpira. K'naan mwenyewe alilirekodi toleo lile kwa hiari yake kwa hiyo hapa hakuna wizi wala siwalaumu kwa hilo. Lakini tuna Wasomali hapa Mombasa, Eastleigh iko Nairobi, kuna watu waliokimbia ile vita hasa anayoisema, wakasikia wimbo wao mitaani kila saa na sehemu yao haimo. Mngeweza hata mara moja moja kupiga lile la kwanza. Watu wangeelewa, si watoto wadogo.

Na sasa zilipendwa zetu, maana hapa ndipo roho yangu ilipo. Kuna mtindo mmeanza hapa nyumbani, sitaji kampuni, mnajijua, wa kuchukua melodi ya zamani, kuyatoa maneno, kutumbukiza jina la unga au sabuni au mkopo wa simu na kuwaimbisha watoto. Nawaomba mfikirie. Kesho mtu atasikia gita la Sina Makosa ya Les Wanyika, aone ni tamu (na ni tamu, hakuna gita tamu kama lile kati ya Nairobi na Dar), aliweke kwenye tangazo la bima ya familia, baba na mama na watoto wawili kwenye kochi. Ule wimbo ni wanaume wawili wanaogombana kwa sababu ya mwanamke ambaye si mke wa yeyote kati yao, na kila mmoja ana wake nyumbani! Nchi nzima inaujua. Mtachekwa kutoka Vanga mpaka Busia. Au mtu wa mikopo achukue Shida ya Mbaraka Mwinshehe akiona jina linamfaa, na kweli jina linamfaa, ila si kwa namna anayodhani yeye.

Kwa Mbaraka kuna jambo la haraka. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari hapahapa Mombasa. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ilivyo sasa, utunzi unalindwa kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufa, kuhesabia kutoka mwisho wa mwaka aliokufa, kwa hiyo mwisho wa 2029 tungo zake zinakuwa za kila mtu hapa Kenya. Rekodi ndiyo hesabu tofauti, ni miaka 50 tangu irekodiwe, maana yake zile rekodi za miaka ya 60 zilizofanywa studio ya Equator Sound pale Nairobi ulinzi wake umeshapita. Daudi Kabaka alirekodi pale. Huyu ndiye mwenye Helule Helule, ambayo kundi la Waingereza, Tremeloes, waliichukua mwaka 1968 ikaingia kwenye chati zao. Rekodi yake ya zamani imeshatoka kwenye ulinzi lakini tungo zake, kwa sababu alifariki 2001, zinalindwa mpaka mwisho wa 2051, hivyo asije mtu kuwaambia wanawe kwamba wimbo wa baba yao ni wa bure kwa sababu santuri ni ya zamani. Ni vitu viwili, na nyie mnajua ni vitu viwili.

Tena sheria hiyohiyo ya mwaka 2001, kifungu cha 32, inampa mtunzi haki ya kutajwa jina na haki ya kupinga kazi yake ikiharibiwa au kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima, na akifa haki hiyo inawaendea warithi wake. Basi warithi wa wanamuziki wetu mnaosoma hii, ijueni. Msisaini karatasi ya elfu chache mkiwa na shida ya karo kabla hamjaenda KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, kuuliza, na wa Tanzania nendeni COSOTA, ya hakimiliki ya huko. Solomon Linda wa Afrika Kusini aliurekodi Mbube Johannesburg mwaka 1939 akaachia haki zake kwa shilingi kumi, wimbo ukazunguka dunia nzima kwa jina jingine, ukaingia mpaka kwenye sinema ya simba ya Disney, yeye akafa 1962 maskini, na binti zake walipata makubaliano ya malipo mwaka 2006, miaka 67 baada ya rekodi. Sitaki tusikie hadithi hiyo tena na jina la mtu wa Tanga au Kisumu ndani yake.

Kwa hiyo mabosi wangu, ninachoomba ni hivi. Yule kijana wenu anayechagua nyimbo mpeni siku nzima na wimbo mmoja, ausikilize wote, ayaandike maneno yote, ayalete kwenye mkutano yasomwe kwa sauti mbele ya mwenye bidhaa, na kama mwenye bidhaa akiona aibu kabla ya ubeti wa pili basi wimbo huo si wenu. Mkishaupata unaofaa, mtafuteni mtunzi. Kama kafariki mtafuteni mkewe, watoto, wajukuu, siyo kampuni ya rekodi peke yake, na muwaonyeshe tangazo lenyewe lilivyo, siyo kuwasimulia kwa simu. Wakisema hapana iwe hapana, na msiende kumtafuta mwigaji. Wakisema ndiyo wekeni jina la mtunzi chini ya skrini, herufi za kusomeka, zikae sekunde zote 30. Mnaweka pale namba ya leseni na "vigezo na masharti kuzingatiwa", jina la Daudi Kabaka nalo litaenea.

Na wimbo uachieni nafasi. Punguzeni mtu wa kupiga kelele za bei juu ya gita.

Nikiona tangazo lililofanywa hivyo, liwe la unga, la simu, la chochote, nitalisambaza mimi mwenyewe kwa kila grupu niliyomo bila kulipwa, na najua wapenzi wa zilipendwa wenzangu watafanya hivyo pia. Majibu yenu nayangoja hapahapa, mbele ya wote.

Wenu,
Msikilizaji wa zilipendwa, Mombasa